Nimepigwa na mtoto wa miaka 13 kwa neno MWANAFUNZI, acha niwaambie kilichotokea

Naandika hii nikiwa bado na uchungu, sifichi. Jumapili iliyopita nimefungwa. Nimefungwa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, kwenye mchezo ambao kwa karibu miaka sita hakuna mtu pale kwetu aliyekuwa ananisogelea. Ule mchezo wa kuchukua neno moja refu afu unachomoa maneno madogo madogo kwa herufi zilezile. Najua wengi mnaosoma hapa mnaucheza na mnataka kuwa wakali, na usiniambie wewe unacheza kujifurahisha tu, wanaosema hivo ni wale wanaofungwa kila wiki.

Sheria zetu: dakika tano, herufi ikitokea mara moja kwenye neno unaitumia mara moja, majina ya watu na miji hakuna, neno lianzie herufi tatu, kitenzi kinaingia bila ku-, na kiwe cha kwenye kamusi. Umoja au wingi vyote sawa. Hii ya wingi niliitunga mimi mwenyewe, ikumbuke maana tutairudia. Pointi ni idadi ya herufi ukitoa mbili, yaani neno la herufi 3 ni pointi 1, la herufi 9 ni pointi 7.

Neno likatoka, MWANAFUNZI. Nikaanza kwa fujo, nia, ufa, uma, mua, nazi, wazi, anza, waza, nawa, zima, fuma, inua, umia, nani, mwana, mkono wenyewe ulikuwa hausubiri kichwa. Nikichungulia upande wa pili naona mtoto amechora duara, anaangalia tu, haandiki. Nikamwonea huruma kabisa. Saa ilipolia mi nina maneno 31 yeye ana 24, nikaanza kumpa pole kabla ya kuhesabu, kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu shingoni.

Akaanza kusoma. Maziwa. Zamani. Wazimu. Uzima, mnazi, mzawa. Nikawa nanyamaza. Afu akasoma fumania.

"Hilo neno umelitoa wapi wewe?"

"Kwenye kamusi, mjomba."

Dada yangu alitoka nje akacheka. Mi nikawa nahesabu herufi kwa kidole, f, u, m, a, n, i, a, zote zipo. Na kilichoniuma ni kwamba fuma nilikuwa nimeiandika! Ipo kwenye karatasi yangu, mstari wa pili, nikaiacha hapohapo nikakimbilia neno lingine.

La mwisho akalisoma taratibu, nadhani alilitunza makusudi: wanafunzi. Nikataka kubisha. "Mjomba, si unatoa M tu?" Herufi tisa, pointi saba, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe. Yeye 69, mimi 58. Ningekuwa nimeona hayo mawili tu, fumania na wanafunzi, ni pointi 12, ningepata 70 nikamshinda kwa moja. Hii hesabu nimeifanya mara nyingi kuliko inavyotakiwa kwa mtu mzima.

Sasa kabla hujanicheka elewa huu mchezo kwangu si wa juzi. Nilipokuwa shule nilikuwa nachukua kichwa chochote kilichoandikwa ubaoni nakigeuza maneno nyuma ya daftari. Siku moja mwalimu mmoja akanikuta, neno nililokuwa nalichambua ni MWALIMU, nilikuwa na mali, mila, lima, mlima, lami, wali, imla, na yeye akafikiri namtukana. Akazichana zile kurasa mbele ya darasa zima akasema huo ni uvivu wenye mwandiko mzuri. Darasa likacheka. Leo ninapoandika kwa ajili ya kula, msamiati nilionao robo tatu umetokana na huo uvivu, na sijawahi kupata nafasi ya kumwambia. Hata walimu lilikuwemo mle ndani na sikuliona wakati ule. Ona sasa, miaka yote hiyo na kosa ni lilelile!

Nimekaa nikajichunguza na nimegundua kitu kimoja. Tatizo langu sikulivunja neno. Niliendelea kuliona kama mwanafunzi, mtu na begi lake, na macho yakawa yanasoma kutoka kushoto kwenda kulia yanaokota vipande vinavyofuatana, mwana, nazi, wazi. Neno likiendelea kuwa neno machoni mwako halikupi kitu. Ndo maana mtoto alichora duara. Ukiziandika herufi kwa kuzunguka hakuna mwanzo wala mwisho, maana inakufa, zinabaki herufi tu. Irabu aliziweka katikati, A, A, U, I, konsonanti pembeni. Nilimuuliza nani kamfundisha akasema hamna, aliona tu ni rahisi. Nilitamani angesema kuna mtu kamfundisha.

Na usidhani kuna njia ya kulazimisha, eti utapanga kila mpangilio mpaka yatoke. MWANAFUNZI ina herufi kumi, A mbili na N mbili, mipangilio yake yote ni 907,200. Ukijaribu mmoja kila sekunde bila kulala wala kwenda msalani itakuchukua siku kumi na nusu. Sisi tulikuwa na dakika tano.

Kuna kisa nakipenda sana kuhusu hili. Mwaka 1610 Galileo, yule Mwitaliano wa kuchungulia anga kwa darubini, aliona kitu kipya kwenye sayari ya Zohali (Saturn), akataka kujihakikishia kwamba ni yeye wa kwanza bila kusema ni nini, akaandika sentensi ya Kilatini akazivuruga herufi zake, 37, akazituma. Zikamfikia Kepler. Kepler, mtu aliyepiga hesabu za njia za sayari, akakaa nazo akazipanga akapata kwamba sayari ya Mirihi (Mars) ina miezi miwili. Galileo hakusema hivo kabisa, alikuwa anasema Zohali ameiona kama vitu vitatu pamoja, maana darubini yake haikuweza kuonyesha kwamba ile ni pete. Kepler alikuwa tayari anaamini Mirihi lazima iwe na miezi miwili, dunia ina mmoja, Mshtarii (Jupiter) ilikuwa imeonekana na minne, kwa hiyo Mirihi iliyo katikati yao iwe na miwili, basi na herufi akazisukuma huko huko. Na cha kuchekesha miezi miwili ya Mirihi ilikuja kuonekana kweli mwaka 1877! Alikosea fumbo akapatia anga. Mimi nilikosea vyote.

Basi ushauri. Kwanza vunja neno, duara, nimeshasema.

Pili anzia mwisho. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo angalia irabu ulizonazo ujiulize yangu yataishia na nini. MWANAFUNZI haina E wala O, kwa hiyo usipoteze hata sekunde kutafuta jino au pembe, mlango umefungwa. C usiiangalie peke yake, haitembei bila H. M mara nyingi inakaa mbele, ijaribu mbele ya kila kitu, nazi ikawa mnazi, mimi nazi niliandika, mnazi sikuandika.

Tatu, na hapa ndo pesa ilipo, ukipata kitenzi usikiache. Kirefushe. Anza, anzia. Waza, wazia. Fuma, fumania (naiandika tena kwa sababu inaniuma). Kitenzi kimoja kinaweza kukupa maneno mawili matatu na wewe unakimbia kutafuta ufa na mua za pointi moja moja kama mtu anayeokota sarafu huku noti zinapita.

Halafu wingi. Maneno ya mwana- mengi yamebeba wingi wao tumboni, toa M tu: wananchi, wanajeshi, wanasheria. Ila kuwa makini, mwizi hakupi wezi maana E huna, na mwandishi hakupi waandishi maana wingi una A mbili na wewe unayo moja. Hapa ndo wajanja wanapokatwa pointi.

Kwa kupanga herufi zote bila kubakiza hata moja, hiyo ni starehe nyingine, na hapo Kiswahili kimebarikiwa watu hawajui. Bahari ni habari. Rafiki ni fikira. Simba ni msiba, na sijui nani alipanga hilo. Kilima ni kamili. Samaki inakupa masika na makasi. Mali ni mila ni lima ni lami ni imla, herufi nne mipangilio 24 na ndani yake maneno matano safi. Ninalolipenda kuliko yote ni kitanda, herufi zake zote saba zikigeuka ni tandika. Nililiona usiku mmoja nimelala nikaamka nikawasha taa kuhakikisha. Fanyeni mazoezi na haya mafupi kila siku, maneno manne matano, msingoje siku ya mechi.

Na ninyi mnaosema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, punguzeni. Mtu hajui tofauti ya fuma na fumania, hajafungua kamusi tangu amalize shule, ndo huyo anakuja kukuambia unapoteza muda, huku yeye ameinamia simu kwa muda wa saa nne anaangalia watu wasiomjua wakigombana. Kamusi haijawahi kumwacha mtu mjinga zaidi ya alivyokuja. Vijana someni. Wazee someni. Mimi mwenyewe nasoma upya, tangu Jumatatu nafungua kurasa mbili kila asubuhi, niko kwenye herufi B. Na vunja neno, jamani, vunja neno kwanza.

Marudiano ni Jumamosi. Safari hii aliyefungwa ndo anachagua neno, hiyo sheria pia niliitunga mimi zamani nikijua haitanihusu. Nimeshalichagua, lina herufi kumi na moja na halianzi na M. Silitaji hapa kwa sababu dada yangu ameniambia mtoto anasoma kila ninachoandika.