Kwa nini helikopta iligongeshwa makusudi?

SWALI: Afande, shikamoo. Nafundisha historia sekondari hapa Masasi. Wanafunzi wangu wamenibana kuhusu Son Tay, Vietnam, mwaka 1970. Makomando wa Marekani walikwenda kuokoa mateka wa vita, wakaigongesha helikopta yao wenyewe ndani ya kambi. Kwa nini wasingetua nje wakabomoa ukuta? Na je, kitu kama hicho kingewezekana huku kwetu enzi za Mreno, alipokuwa akitawala Msumbiji?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Waambie wahesabu dakika, bunduki waziache kwanza. Mlinzi wa mateka akishtushwa usiku ana mawili ya kufanya: apigane na aliyevamia, au ageuke awamiminie risasi waliofungiwa. Hilo la pili halitaki ushujaa. Desemba 14, 1944, kisiwani Palawan, Ufilipino, Wajapani walidhani Wamarekani wamekaribia. Wakawasukumia mateka karibu 150 kwenye mahandaki, wakawamwagia petroli na kuwachoma. Kwa hiyo kuiteka kambi ni kazi ya baadaye. Kwanza uwe umesimama mlangoni pa seli kabla mlinzi hajapata viatu vyake.

Sasa Son Tay. Ua wa ndani ulikuwa mdogo na una miti. Helikopta ya kubeba askari 14 ingeweza kuingia humo, lakini kutoka isingetoka. Nao wangetua nje, walipue ukuta, wavuke ua, walinzi wangekuwa wameshaamka wote. Wakaamua helikopta moja ife. Ikashuka ikifyeka matawi, askari wakamwagika, mmoja wao akiwatangazia mateka kwa kipaza sauti walale chini. Wakati wa kuondoka wakaitegea baruti. Walioingia, pamoja na wa helikopta nyingine, walikuwa 56, hakuna aliyeuawa, na kazi yote pale chini haikufika nusu saa. Kama zoezi, mimi ningewapa alama zote.

Ila seli zilikuwa tupu. Mateka walikuwa wamehamishwa tangu Julai, na uvamizi ulikuwa Novemba 21. Ndege zilipiga picha za kambi kutoka juu, lakini picha ya bati haikuambii nani kalala chini yake.

Ndiyo maana nikitakiwa kutoa mfano wa kufundishia huchukua Cabanatuan, kambi ya Wajapani huko Ufilipino, Januari 30, 1945. Pale Wamarekani walikuwa na wenyeji. Wapiganaji wa msituni wa Kifilipino waliijua kambi kwa siku ile ile, si kwa mwezi uliopita. Waliwaambia wanavijiji wawafunge mbwa midomo na wawafungie kuku, kikosi kipite bila kelele. Askari walipokuwa wakitambaa kwenye uwanja mweupe kuelekea lango, ndege moja ilizungukazunguka chini chini juu ya kambi, walinzi wakabaki wameinua shingo. Wafilipino wengine wakaziba daraja ili msaada wa Wajapani usivuke. Wakatoka na mateka zaidi ya 500, wasioweza kutembea wakipakiwa kwenye mikokoteni ya nyati.

Na hapo kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: baadhi ya mateka walikataa kutoka. Walitekwa mwaka 1942. Sare na kofia za hawa waokozi hawakuwahi kuziona, wakadhani ni mtego wa kuwaua. Iliwabidi askari wawasukume. Ukipanga uokoaji, panga na mtu atakayekukatalia gizani.

Huku kwetu? Mreno alijaribu kweli, ila upande mwingine wa Afrika. Usiku wa kuamkia Novemba 22, 1970, siku moja tu baada ya Son Tay, makomando wake walishuka Conakry, mji mkuu wa Guinea, kwa maboti wakawatoa wenzao 26 waliokuwa mikononi mwa PAIGC, chama cha ukombozi cha Guinea-Bissau na Cape Verde, akiwemo rubani António Lobato aliyetekwa tangu 1963. Walitaka pia kumpindua Sékou Touré, rais wa Guinea, na kumkamata Amílcar Cabral, kiongozi wa PAIGC. Ya Touré yaliwashinda, na Cabral hakuwepo mjini. Lakini Conakry imejichomoza baharini kama kidole. Unatoka majini, unapiga, unarudi majini.

Chukua sasa kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, iliyokuwa Nachingwea. Tuseme mateka wa Kireno wako pale. Pwani ya Lindi iko zaidi ya kilomita 100, na mto Ruvuma, mpakani mwa Msumbiji, nao ni karibu hivyo hivyo. Kwa miguu ni siku kadhaa, na kurudi umebeba wagonjwa. Kwa helikopta, mngurumo utasikika Newala kabla haujafika Masasi. Huko Son Tay walitokea Thailand wakijazwa mafuta hewani, na ndege nyingine zilikwenda kuwazuga walinzi wa anga upande wa Haiphong. Mreno wa wakati ule hakuwa na uwezo huo. Zaidi ya hayo, njiani kumejaa vijiji vya Wamakonde, Wayao na Wamwera, kila nyumba na mbwa wake. Sioni nani angeamka usiku kuwafunga midomo kwa ajili ya Mreno.