Matundu mawili shingoni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu na mama yako pembeni, na yeye ndiye aliyesema nikuandikie, maana kwenye simu mimi huwa nazunguka kama chombo kisicho na usukani. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Je, wale Wafilipino niliofanya nao kazi melini waliamini kweli hayo mambo ya aswang, mazimwi ya kwao? Na ukitaka kuchora katuni yako ya mpelelezi wa mambo ya giza, kama ile ya dada wa Manila uliyoitazama, uanzie wapi? La kuchora silijui, mama. La aswang nilikaa nalo chumba kimoja miaka 11.

Siku za mwanzo nilisikia wananiita "pare, pare", nikajiuliza nani kawaambia kwamba bibi yangu mzaa mama ametoka Usangi, kwa Wapare. Kumbe kwao pare ni kama kusema "ndugu yangu", neno walilolikata kutoka Kihispania. Lakini jina lililonikaa mpaka nashuka meli ni lingine. Nilikuwa nimesimama tezini usiku, mrefu na mweusi hivi unavyonijua, sigara inawaka. Akapita kijana wa zamu, akainamisha kichwa, akasema, "Tabi-tabi po, kapre," yaani naomba njia, kapre. Wenzake wakacheka mpaka wakashika vyuma.

Kapre ni jitu jeusi la kwao, refu kama nguzo, lenye manyoya, linalokaa juu ya mti wa balete likivuta tumbaku usiku kucha. Balete ni jamii moja na mkuyu wetu. Ukiona moto mdogo unawaka juu ya mti gizani, ujue ni sigara yake. Nikacheka nao. Miezi ikapita ndipo fundi mkuu, mzee aliyesoma sana, akanieleza jina hilo limetoka wapi: Kihispania "cafre", nalo limetoka Kiarabu, kafiri. Neno lile lile la kwetu. Wareno walikuwa wakiwachukua watu wa pwani ya Msumbiji utumwani na kuwapitisha Goa na Macau, na baadhi yao wakafika Manila, wakaitwa hivyo. Watu wakawaona, wakawaogopa, na baada ya karne kadhaa wamekuwa jitu juu ya mti. Sigara ile sikuimaliza. Ukimchora kapre, mwanangu, mchore ukijua huyo ni ndugu yetu aliyepotea njia.

Sasa hilo la kuamini. Mpishi wetu alikuwa mtu wa Capiz, kisiwa cha Panay. Capiz ni mkoa wa bahari na samaki, na zile kombe bapa zinazopenyeza mwanga wanazotengenezea vioo vya madirisha na taa zina jina hilo hilo. Ila kwa Wafilipino wengine, ukisema Capiz umesema aswang, kama ambavyo kwetu ukisema Pemba kuna watu watakuuliza kuhusu waganga kabla hawajakuuliza kuhusu karafuu. Kila akileta supu ya utumbo walimtania: utumbo wa nani huu leo? Alitabasamu na kugawa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba aswang si kitu kimoja. Ni jina la ukoo mzima. Yupo anayegeuka mbwa, yupo mla maiti, yupo mnyonya damu. Wa kutisha kuliko wote ni manananggal, mwanamke wa kawaida mchana, ambaye usiku hujitenga kiunoni. Kutenga kwao ni "tanggal", na ndiko jina lilikotoka. Nusu ya juu huota mabawa ya popo na kuruka kutafuta nyumba yenye mjamzito, ikishusha ulimi mrefu mwembamba kupitia paani. Nusu ya chini inabaki imesimama gizani, na ukiipata ukaimwagia chumvi au majivu, mwenyewe hawezi kujiunga tena, na jua likichomoza amekwisha. Kuna pia sauti ya tiktik inayotangulia aswang. Ikisikika kwa nguvu, yuko mbali. Ikififia, yuko juu yako. Hiyo iweke kwenye katuni yako. Sijui utaichoraje, lakini mimi nikiwa kitandani nasikia injini inapunguza mlio, nywele zilinisimama.

Nilimuuliza mpishi kama wewe ulivyoniuliza mimi: unaamini? Hakujibu ndiyo wala hapana. Siku moja tulishuka bandarini kwao, tukakata njia nyuma ya ukuta, palikuwa na kichuguu chini ya mti. Akasimama, akasema "tabi-tabi po", ndipo akapita. Kwao kichuguu kina mwenyewe, mzee mdogo anayeitwa nuno, na hupiti kwake bila kuomba njia. Nilimkumbuka bibi yako, aliyekuwa hamwagi maji ya moto uani usiku bila bismillahi, asije akamuunguza asiyemuona. Sasa ungemuuliza bibi yako kama "anaamini", angekujibu nini? Angekuambia utoke jikoni kwake.

Ila siku ya mwisho ya mkataba wake mpishi aliniambia jambo la nyumbani. Huko Panay kuna ugonjwa unaoitwa lubag, yaani kupinda. Unawashika zaidi wanaume, wengi wakiwa na miaka kama 40. Shingo inageuka yenyewe, ulimi unatoka, mwili unajisokota, na mwishowe unakuwa mgumu. Unarithiwa upande wa mama. Madaktari waliuandika mwaka 1976, na wapo wanaodhani kwamba ugonjwa huo umechangia sifa mbaya ya Capiz: mtu anaonekana jioni amejipinda, mate yanamtoka, majirani wanafunga milango. Mjomba wake alikuwa nao. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Utani wa supu nikauacha siku hiyo.

Hapo ndipo nataka nikuanzishe, kwa sababu umesema unataka mpelelezi. Wote wanaoandika habari hizi huanza na zimwi. Wewe anza na maiti.

Kisa nitakachokupa si cha kutunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Ufilipino ilikuwa vitani na waasi wa Huk, wakulima waliopigana na Wajapani wakati wa vita kuu na baadaye wakageukia wenye mashamba na serikali yao. Mshauri wa upande wa serikali alikuwa Mmarekani, Edward Lansdale, afisa wa jeshi la anga aliyefanya kazi na CIA, mtu wa karibu wa Ramon Magsaysay, waziri wa ulinzi aliyekuja kuwa rais. Kikosi cha Huk kilikuwa kimekaa juu ya kilima karibu na mji, na jeshi limeshindwa kukitoa. Wakasambaza uvumi mjini kwamba kilimani kuna aswang. Wakangoja siku mbili uvumi upande mlima. Kisha usiku wakajificha kando ya njia, doria ya waasi ikapita, wakamdaka yule wa nyuma kabisa kimya kimya. Wakamtoboa matundu mawili shingoni, wakamning'iniza kichwa chini mpaka damu ikaisha, wakamrudisha njiani. Wenzake waliporudi kumtafuta wakamkuta. Kulipokucha kikosi kizima kilikuwa kimehama.

Haya hakuyasema adui yake. Aliyaandika Lansdale mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1972, tena kama mtu anayesimulia ujanja wake.

Sasa mvishe mpelelezi wako viatu, msimamishe kwenye njia ile asubuhi. Ataona nini? Wanakijiji watasema aswang. Mimi, mtu wa Tanga niliyesikia habari hizi kwa mpishi, nitauliza: tangu lini? Aswang wa mpishi wangu anashusha ulimi mwembamba kama uzi. Anapenda mimba, ini na utumbo. Matundu mawili ya meno shingoni ni mambo ya mnyonya damu wa Ulaya, yule wa sinema. Muuaji alijua kwamba watu wanamwogopa aswang, ila hakujua aswang anakulaje. Kaghushi saini kwa mwandiko wa nchi nyingine. Mpelelezi wako asijue bunduki sana. Ajue mila za mazimwi kuliko muuaji anavyozijua, basi kesi itafunguka kwa matundu mawili.

Na kisa kingine, cha Manila yenyewe. Kuna jengo kubwa kando ya ghuba, Manila Film Center, lililojengwa mbio mbio mchana na usiku kwa zamu tatu, ili liwahi tamasha la filamu la Januari 1982 alilolitaka mke wa rais, Imelda Marcos. Tarehe 17 Novemba 1981, saa tisa usiku, jukwaa la wajenzi likaporomoka, watu wakaanguka ndani ya saruji mbichi. Waokoaji na waandishi walizuiwa kuingia kwa saa kadhaa, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Tamasha likafanyika. Jengo hilo watu wa Manila wanaliogopa, wanasema kuna vilio. Tulipita kwenye teksi, dereva akafunga kioo. Niliwaza kwamba mizimu ile imesingiziwa kazi ya ofisi ya mtu.

Usidhani nawacheka, maana kwetu yapo. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 1995 wa popobawa, zimwi la usiku la Unguja na Pemba, mwaka wa uchaguzi. Naye ana bawa la popo, kama manananggal. Jina lenyewe linasema. Watu wazima walilala nje kwenye mikeka, wamewasha moto, wanaogopa kulala peke yao chumbani. Wengine tulicheka huku bara. Lakini mjini Zanzibar kijana mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliosema ndiye. Popobawa hakupatikana na alama hata moja. Huyo kijana alikuwa na kaburi. Na Usukumani huko vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Ukitaka kurasa za nyumbani, huko kuna kesi za kukutosha. Ila zichore polepole, hao wana watoto walio hai.

Kuhusu mpelelezi mwenyewe, nashauri asiwe na panga linalowaka. Dada wa Manila analo lake, mwachie. Wa kwako awe na chumvi mfukoni, na adabu: afike kwenye kichuguu aombe njia kwanza, hata kama hasadiki. Watu watamwambia mambo ambayo hawamwambii polisi.

Umeuliza pia ule mkia mkavu uliotundikwa juu ya mlango wa stoo ulitoka wapi. Ni mkia wa samaki taa. Mpishi alinipa siku anashuka. Kwao wanauita buntot pagi, na nyumba nyingi za vijijini huutundika kwa sababu aswang hawezi mjeledi wake. Nilimwambia kwetu babu zetu walichapwa kwa mkia wa taa huo huo, na si na mazimwi. Alicheka, akasema basi unafaa kwa kapre. Paka ametafuna ncha, na mama yako anataka nautupe kwa ajili ya harufu. Njoo Idd uuchore kabla hajanishinda.

Baba yako
Tanga