Kwilti yangu ya viraka haitulii kitandani: je, pasi itainyoosha?

SWALI: Fundi, hujambo? Likizo ya Aprili mimi na binti zangu tulikata mabaki ya vitenge bila kielelezo wala rula, tukawa tunayapanga sakafuni kama mchezo, kisha tukayaunganisha yawe kwilti, yaani blanketi la viraka linalotiwa pamba ndani. Yalipendeza sana. Lakini tulipozungushia ukanda mweusi, kingo zikaanza kuyumba kama mawimbi. Katikati ni sentimita 150, kingoni 154. Jirani anayejua kushona anasema nipige pasi ya mvuke, niweke pamba nene ndani, na kwamba itajinyoosha nikishadarizi juu. Nimfuate? – Mama wa wawili, Nakuru.

JIBU: Usimfuate, dada yangu. Hizo sentimita 4 ni kitambaa kilichovutika, na mvuke utakivuta zaidi. Pamba nene itajaza mawimbi, halafu mishono ya juu itayalaza yawe mikunjo ambayo hutaiondoa tena. Kwilti zilizoharibiwa hivyo naletewa mara kwa mara hapa Kisumu, na mwenyewe hunieleza neno lilelile aliloambiwa: itajinyoosha. Haijinyooshi!

Kitenge hakivutiki ukifuata uzi wa mtande, ule unaokwenda sambamba na pindo la kiwandani. Ukifuata mshindio, uzi unaokatiza mtande, kinavutika kidogo. Ukikivuta kwa mshazari, kinanyumbuka kabisa. Nyinyi mlikata pembetatu na mikato ya kupinda, jambo zuri, ila kingo nyingi zikawa za mshazari. Mkono ukivuta kidogo nyuma ya sindano, au pasi ikiburutwa badala ya kubonyezwa na kuinuliwa, kila kiraka kinarefuka milimita moja au mbili.

Hata hivyo viraka vyenu vingesameheka. Kilichowaponza ni ukanda. Bila shaka mliuanzia kwenye kona, mkashona hadi mwisho, mkakata uliobaki. Ukanda ukafuata urefu wa ukingo uliokwisha kulegea, na kosa likafungwa humo. Ukanda hupimwa katikati ya kwilti, haupimwi kingoni.

Kwa hiyo fumua. Kata kanda mbili za sentimita 150. Kunja ukanda nusu, kisha robo, utie alama. Fanya hivyo hivyo kwenye ukingo wa viraka, ukutanishe alama kwa pini, halafu ongeza pini katikati ya hizo. Unaposhona, viraka viwe chini na ukanda juu, kwa sababu meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa kutoka chini, humeza ile ziada polepole. Usivute hata kidogo. Pande hizo mbili zikiisha, pima tena katikati, safari hii pamoja na kanda ulizoongeza, ndipo ukate zile mbili za mwisho.

Mnaambiwa kwamba rula inaua ubunifu. Wanaofundisha hivyo kwa video za dakika moja huonyesha kwilti za wanawake wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani, zilizotundikwa katika makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, kisha zikatiwa kwenye stempu za posta mwaka 2006. Ni kweli nyingi hazikufuata kielelezo, na kona zake si sawa. Lakini wanawake wale walikuwa wakiunganisha nguo kuukuu za kazi ili watu wa nyumbani wasilale na baridi, na walijifunza kwa mama zao na nyanya zao. Mikono yao ilikuwa imeshazoea kitambaa. Kumwonyesha mwanafunzi wa wiki moja picha ile na kumwambia asipime ni kumdanganya. Uhuru uko katika kukata na kupanga. Mshono una sheria zake.

Na ushauri mbaya si wa pasi ya mvuke tu. Wapo wanaowauzia watu gundi badala ya uzi. Ikifuliwa mara chache inaachia. Wapo wanaoacha milimita 3 tu kati ya mshono na ukingo ili kuokoa kitambaa, ilhali kitenge kinafumuka nyuzi na kinahitaji 6 angalau. Wengine huchanganya poliesta ya mitumba ya soko la Kibuye na vitambaa vya pamba ambavyo havijafuliwa: pamba inarudi, yaani inapungua ikifuliwa, poliesta inabaki ilivyo, na kwilti nzima inakunjamana. Halafu kuna hili la chumvi na siki, eti zinashika rangi isichuje. Siki husaidia wakati wa kutia rangi sufu na hariri, na chumvi kazi yake iko ndani ya sufuria ya kutia rangi. Kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani hazikifanyii chochote.

Ndiyo maana, kabla hujaurudisha ukanda huo mweusi, loweka kipande chake usiku mmoja kwenye beseni pamoja na kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na kivuli cha rangi, fua ukanda wote peke yake, tena na tena, mpaka maji yabaki maangavu.