Seva ya gemu inakwamakwama? Achana kwanza na kukompaili kerneli

Mkuu, umesema seva yako ya Counter-Strike ya tiki 64 (inakokotoa mchezo mara 64 kwa sekunde) inakwamakwama, ukabandika kwenye sysctl.conf (faili la mipangilio ya kerneli, kiini cha Linux) rundo la mistari uliyoikuta mtandaoni, hakikubadilika kitu, na sasa unataka kukompaili kerneli ya HZ 1000 (saa yake ya ndani inagonga mara 1000 kwa sekunde). Ngoja kidogo.

Mistari yako karibu yote inaanza na net.ipv4.tcp, yaani inahusu TCP. Gemu hilo linasafirisha data zake kwa UDP, njia nyingine ya kutuma pakiti. Hata uwashe BBR (mbinu ya TCP ya kudhibiti kasi ya kutuma), pakiti za mchezo haziguswi. Ingekuwa Minecraft ya Java, inayotumia TCP, ningekuelewa kidogo, ingawa hata huko kinachoumia mara nyingi ni thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) moja kuu inayobeba karibu dunia nzima ya mchezo.

HZ 1000 nayo ni dawa ya ugonjwa wa zamani. Enzi zile, programu ikiomba kulala milisekunde 1 kwenye kerneli ya HZ 100, ilikuwa ikiamka baada ya milisekunde 10 au zaidi. Tangu toleo 2.6.21 la mwaka 2007, palipo na taima sahihi, usingizi wa programu haufuati tena HZ. PREEMPT_RT (hali ya kerneli kuitikia kazi bila kuchelewa) iliyoingizwa kwenye kerneli rasmi toleo 6.12 ni kitu kizuri, lakini tiki yako moja ina milisekunde 15.6. Hugombanii maikrosekunde.

Kama ni VPS (seva ya kukodi inayogawana mashine na wengine), fungua top watu wakiwa wanacheza uangalie namba ya st, yaani muda wa prosesa unaochukuliwa na wengine. Ikiwa inapanda mara kwa mara, ujue kori hizo (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) zimeuzwa kwa wengine pia, na hakuna utakachogeuza ndani ya kerneli yako kitakachokusaidia. Hama.

Kama mashine ni yako mwenyewe, anza na mwendo wa prosesa. Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko kwingine kote. Niliwahi kuwa na seva iliyokuwa ikikwama wachezaji wakiwa wachache, wakijaa inatulia! Sababu ni kwamba kazi ikiwa ndogo, prosesa inashusha kasi na kori zinazama kwenye usingizi mzito. Tiki ikifika, inazikuta bado zinajinyoosha. Angalia kanuni ya kasi (governor) uliyonayo:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Kisha:

cpupower frequency-set -g performance
cpupower idle-set -D 10

Amri ya mwisho inazuia usingizi ambao kuamka kwake kunachukua maikrosekunde 10 au zaidi. Umeme utaliwa na joto litapanda, hilo inabidi ulikubali. Ukikuta "powersave" kwenye Intel za kisasa usishtuke, kwa dereva ya intel_pstate haina maana ya kubaki kasi ya chini muda wote. Bado performance ni bora kwa kazi hii.

Baada ya hapo tazama /proc/interrupts uone kori ipi inahudumia kadi ya mtandao. Ikiwa ndiyo hiyohiyo inayoendesha gemu, zitenganishe. Kwenye faili la systemd la seva weka CPUAffinity=2 3 (kori inazoruhusiwa) na Nice=-10 (kipaumbele cha juu kidogo), basi. Usiibane kwenye kori moja, ina thredi nyingine za pembeni. SCHED_FIFO (kuipa thredi kipaumbele juu ya programu zote za kawaida) naikwepa: thredi ikianza kuzunguka bila kulala, programu za kawaida zilizo kwenye kori hiyo zitakula vumbi.

Upande wa bafa (sehemu ya kumbukumbu ambapo pakiti zinasubiri), watu wanaongeza tu bila kuangalia. Endesha:

nstat -az UdpRcvbufErrors

Hiyo ni hesabu ya pakiti zilizotupwa bafa ikiwa imejaa. Ikiwa ni sifuri na inabaki sifuri, acha kama ilivyo. Ikiwa inapanda, kumbuka net.core.rmem_max ni dari tu: programu isipoomba yenyewe inapewa rmem_default, ambayo kwa kawaida ni baiti 212992. Wengi wanapandisha dari halafu wanashangaa hesabu haishuki.

Kuna jambo moja ambalo hukuligusa. Seva yangu moja, jioni, waliokuwa ndani walikuwa wanacheza vizuri kabisa ila wapya hawaingii. Ping safi, prosesa imepumzika. Jibu lilikuwa kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli):

nf_conntrack: table full, dropping packet

Faiawo ilikuwa inaweka kumbukumbu ya kila anwani iliyobisha hodi, zikiwemo za uongo zilizotumwa kwa fujo, mpaka jedwali likajaa. Waliokwisha andikwa wanapita, mgeni anatupwa. Kuongeza nf_conntrack_max (ukubwa wa jedwali hilo) kunanunua muda tu. Bora uiambie faiawo isiufuatilie mlango wa gemu (port, hapa 27015) kabisa:

iptables -t raw -A PREROUTING -p udp --dport 27015 -j CT --notrack
iptables -t raw -A OUTPUT -p udp --sport 27015 -j CT --notrack

Hakikisha tu una sheria inayoruhusu mlango huo waziwazi, maana ile ya ESTABLISHED (inayopitisha waliokwisha andikwa) haitazitambua tena pakiti hizo.

mitigations=off (kuzima kinga za kerneli dhidi ya udhaifu wa kiusalama wa prosesa) naona umeiulizia pia. Kama kwenye mashine hiyo unawakaribisha watu waweke plagini zao, hapana.

Futa hiyo mistari ya tcp, uwashe upya, halafu weka hapa top, nstat na mistari ya mwisho ya dmesg, zote zikichukuliwa wakati seva inakwama.