Faili linafika Tabora limekatika mkia: ikague kerneli kwanza

Pole ndugu yangu. Kama faili linatoka Kigoma likiwa zima na kufika Tabora pungufu, tena logi ikiwa safi, usiwalaumu watu wa mtandao bado. TCP, itifaki inayosafirisha data mtandaoni, ikipoteza pakiti huituma tena yenyewe. Mimi naishuku KTLS, yaani TLS (usimbaji wa data inayosafiri) inayofanywa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi; iliingia Linux toleo la 4.13 mwaka 2017. Hukata data vipande visivyozidi baiti 16,384 na kuvisimba, na bafa ya soketi (kumbukumbu ya muda ya data inayosubiri kutumwa) ikijaa katikati ya kipande, kodi yenye hitilafu inaweza kukisahau kilichobaki. Zima KTLS kwenye Nginx, seva inayotuma faili, tuma faili lile lile, linganisha sha256sum (alama ya utambulisho wa yaliyomo) pande zote mbili. Alama zikilingana sasa, kosa ni la KTLS: sasisha kerneli na uwashe mashine upya. Kuandika kiraka cha kurekebisha kodi mwenyewe? Labda kama una likizo ndefu. Nakala za zamani zilizofika kwa njia hiyo zikague pia, hata zile zinazofunguka.