Tumbo la boti kuukuu: anza na mita mbili za nyuma

Boti yangu ya faiba ina futi 23, na kazi yake ni kupeleka wageni Kisite, hifadhi ya bahari ya pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Shimoni. Kwa muda mrefu ilinitaabisha: nikiongeza moto wa injini, omo (pua ya boti) inajikita majini badala ya kuinuka, petroli inakwisha njiani, na wageni wa mbele wanaloa chapachapa. Nilibadilisha pangaboi la injini, nikasogeza matangi ya petroli nyuma, nikailaumu injini. Kumbe ugonjwa ulikuwa tumboni.

Ukitaka kuipima yako, azima ile rula ya alumini ya mafundi wa plasta, ya mita 2. Ibane chini ya tumbo kuanzia kwenye shetri (mwisho wa nyuma wa boti) kwenda mbele, sambamba na mkuku (uti wa chini wa boti), kisha chungulia kama mwanga unapenya. Yangu ilikuwa na bonde. Sarafu mbili za shilingi 10 zilipita zikiwa zimebebana. Maji yanayokimbia chini ya boti yakishavuka bonde kama hilo hukuta shetri imeinama, yanaisukuma juu, na omo inakandamizwa. Ikiwa badala ya bonde pana nundu, boti itarukaruka, omo juu omo chini, hata bahari ikiwa shwari.

Bonde lile tulilitia wenyewe. Msimu mmoja tuliilaza juu ya magogo mawili, gogo la nyuma likiwa mita nzima mbele ya shetri, na injini imebaki ikining'inia palepale. Uzito ukaikunja taratibu.

Kabla ya kujaza chochote, gonga tumbo zima kwa kishikio cha bisibisi. Mlio mkavu ni heri. Mlio mzito, kama wa kugonga embe bovu, maana yake faiba imeachana au mbao za ndani zimeoza, na hapo utengeneze kwanza mifupa. Penye ufa, usipake juu juu: chonga kwa grenda mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa faiba. Ukuta wa milimita 5 unataka mteremko wa milimita 60 kila upande. Najua inauma kuona kiufa kidogo kinageuka sahani, lakini kiraka kinahitaji pa kushika.

Kosa langu kubwa lilikuwa puti ya magari. Ilikuwa rahisi, ikapendeza, na haikumaliza miezi mitatu. Ilinyonya maji ikabanduka kwa mabamba. Sehemu ya boti inayozama majini tumia epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, uichanganye na unga wa vijipira vya kioo hadi isimame kwenye mwiko bila kutiririka. Epoksi hushika vizuri juu ya polista ya zamani, ile resini iliyoundiwa boti nyingi za faiba. Polista juu ya epoksi haina uhakika, kwa hiyo ukishaanza na epoksi malizia nayo. Sisi kazi hupungua wakati wa masika, ndipo boti hupandishwa, na unyevu ndio adui. Funga turubai, ngoja umande ukauke, na kila tabaka likikauka lioshe kwa maji baridi kabla ya msasa, maana epoksi huacha utelezi juu unaozuia tabaka linalofuata.

Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini iondoe kwa msasa wa maji, mdomo na pua umefunika, na chini umetandika turubai. Ina sumu ya shaba. Matumbawe ya Kisite ndiyo yanayotulisha. Mabaki yake usiyaache yakachukuliwa na maji ya bamvu, bahari inapojaa sana.

Kwenye kunyoosha ndipo kazi inapoamuliwa. Msasa wa mashine usiutumie hapa, utafuata mabonde na kuyang'arisha tu. Chukua ubao mwepesi wa futi 3, gundisha msasa namba 40, sugua kwa mshazari, kisha mshazari wa upande wa pili. Nyunyizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi kwanza: palipobaki weusi ni bonde, jaza tena. Mimi nilirudia mara nne, mabega yakawaka moto. Mzee mmoja fundi wa majahazi alipita, akasimama, akafumba macho, akaburuta kiganja kutoka mkukuni kuelekea ubavuni. Kiganja kikasita. "Hapa, mwanangu. Usiitazame, ipapase." Niliweka rula, na kweli, upenyo wa unene wa kucha.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulikosea kwa kutaka uzuri: ule ukingo wa mwisho, tumbo linapokutana na shetri, usiuviringe. Uwe mkali kama kona ya sanduku, ili maji yaachane na boti papo hapo. Ukiwa mviringo yanaupanda na kuivuta boti. Wa kwangu niliujenga upya kwa epoksi nikitegesha ubao uliofungwa karatasi ya nailoni.

Tulipoishusha, omo iliinuka kabla hatujatoka mkondo wa Wasini, na nikapunguza moto ikabaki imeinuka. Sasa kila ikipandishwa, injini inafunguliwa siku hiyohiyo, na gogo la nyuma linakaa chini ya shetri yenyewe.