Bingwa wa Formula 1 mwenye ushindi mmoja tu

Ndiyo yaya, dereva anaweza kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, mashindano ya mbio za magari, akiwa ameshinda mbio moja tu msimu mzima, na imetokea mara mbili: Mike Hawthorn 1958 na Keke Rosberg 1982. Mwaka 1958 Stirling Moss alishinda mbio nne, Hawthorn moja tu, ile ya Ufaransa, lakini taji likaenda kwa Hawthorn kwa pointi 42 dhidi ya 41. Sababu: ushindi ulikuwa pointi 8, nafasi ya pili 6, naye alimaliza wa pili mara tano. Na Moss mwenyewe ndiye aliyemtetea Hawthorn kwenye mbio za Ureno asifutiwe matokeo! Sisi wa Lubumbashi, kwa Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira zenye upinzani mkali, nani angemtetea mpinzani wake hivyo? Siku hizi kuwa bingwa kwa ushindi mmoja ni vigumu zaidi, mshindi anapata pointi 25 na wa pili 18.